Wagongaji wa Mzee Chenoweth

Mmeniomba niwasimulie kazi ya kutunza wazee, ninyi vijana mnaoianza sasa hapa Columbus. Najua mnachotaka kusikia: kama kumwogesha mtu mzima ni aibu, na ufanye nini mzee akikutukana. Hayo mtayajua wiki ya kwanza bila msaada wangu. Mimi nataka kuwaambia habari ya woga. Kazi hii niliifanya nikiwa mwoga, na woga wangu ulimponza mzee wa watu.

Naitwa Minani. Wale mliozaliwa hapa hamjui maana yake, na kosa si lenu. Kwetu Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, hatugawani jina la baba kama Wamarekani. Minani ni mtoto wa nane. Aliyenifuata ni wa tisa, dada yangu Nyabenda, yuko Buffalo mpaka leo, anapigana na theluji na kumwomba Mungu. Tuliokoka sisi wawili. Tulivuka kwenda Tanzania tukiwa wadogo, tukakulia kambini, tukazeekea kambini nusu, ndipo tukaletwa huku.

Nilianzia Louisville. Nilifanya kazi kwenye ghala kule Jeffersontown, nabeba maboksi, mpaka siku mgongo uliposema basi. Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu tuliyesali naye, akaniambia wanatafuta wanaume wa kutunza vibabu, maana vibabu vingine havitaki kuvuliwa nguo na wanawake. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mfupi, mnene, mkali kama pilipili, na alikuwa na sheria moja aliyoirudia hadi nikawa naiota.

"Bon, papa Minani, sikia. Unaingia kwa nyumba, unaona muzee kwanza na macho yako, njo unatosha koti. Hapana kusema iko analala. Nani alikuambia iko analala? Mlango?"

Yaani umwone mzee kwanza, ndipo uvue koti. Nilikuwa nacheka. Jamani, nilikuwa nacheka!

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha kweli. Mzee wa kwanza nilimpimia maji ya kuoga kwa kiganja. Viganja vyangu vilikuwa vya ghala, vimeota sugu, havihisi moto wala baridi. Mzee aligusa maji akapiga ukelele uliomleta jirani. Tangu hapo nikapima kwa kiwiko, na ninyi pimeni kwa kiwiko. Mzee akitaka kusimama usimvute mkono, utamtegua bega. Mfunge mkanda kiunoni, ushike mkanda, uhesabu tatu kwa sauti ili naye ajiandae. Tazama visigino vyake kila siku. Tazama na ndara zake: ndara zikiwa zimekanyagwa nyuma, huyo ataanguka tu, leo au kesho. Siku hizi mnaandika haya yote kwenye simu, mnabonyeza bonyeza. Sisi tulikuwa na karatasi za rangi tatu, na nakala ya chini kabisa haikusomeka hata na malaika.

Haya, nimfikie Mzee Chenoweth.

Ilikuwa katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu. Nyumba yake ilikuwa ya matofali, karibu na bustani ya Iroquois, mwendo wa miguu kutoka kwangu. Alikuwa anakaribia tisini, mrefu, mikono mikubwa, sauti imekwisha kabisa; kuongea kwake kulikuwa kama mtu anayenong'ona kanisani. Mke alikuwa amefariki. Alikuwa na binti mmoja, Lorna, aliyekaa huku Hilliard, kando ya Columbus, na kuja kumwona kila mwezi.

Siku ya kwanza nilimwambia, ili kumfurahisha, kwamba nimefurahi kumhudumia Mwingereza. Maana jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya ofisi na nilikuwa nimeambiwa ukoo wake ulitoka Uingereza. Alinitazama kama nimemtemea mate.

"Mimi si Mwingereza," akasema. "Mimi ni mtu wa Cornwall, kule kwenye ncha ya kisiwa. Waingereza walitukuta."

Kisha akanionyesha ukutani, juu ya meza ya jikoni. Kulikuwa na karatasi kubwa ndani ya kioo, ameandika kwa mkono majina ya koo zote alizotokana nazo, upande wa baba na upande wa mama. Akawa ananifundisha kila siku nikimlisha uji. Ukiona jina limeanza na Tre, hao watu walitoka kwenye boma fulani. Ukiona Pol, walikaa penye kidimbwi. Pen ni kichwa, ncha ya mahali. Bibi yake aliitwa Angove, maana yake mhunzi. Wengine kina Penrose, watu wa mwisho wa mbuga. Na Chenoweth?

"Nyumba mpya," akasema. "Mtu mmoja alijenga nyumba mpya, miaka mingi mno, na sisi wote bado tunaitwa hiyo nyumba."

Alisema lugha yao ilikufa midomoni mwa watu, majina yakabaki peke yake yanaongea. Wazee wake walikuwa wachimbaji wa bati. Bati liliposhuka bei, wakatawanyika dunia nzima kwenye mashimo ya watu wengine. Babu yake akaenda kuchimba shaba kule Michigan, kaskazini. Ninyi mnaowajibu mama zenu kwa Kiingereza wakiwasalimia kwa Kiswahili, hapo nawatazama ninyi.

Akaniuliza jina langu lina maana gani. Nikamwambia, mtoto wa nane. Akageuka kunitazama. "Na wale saba?"

Niliosha bakuli lililokuwa limeshaoshwa.

"Basi," akasema, "langu linasema tulitoka wapi. Lako linasema mlikuwa wangapi." Hakuniuliza tena, na nilimpenda kwa hilo.

Shida ilianza na chakula. Kila Alhamisi tulipika pasti. Ni mkate wa unga uliokunjwa kama sambusa, lakini mkubwa kama kiatu, ndani nyama, viazi na kitunguu. Wachimbaji walikuwa wanashuka nayo shimoni, na mke aliandika herufi ya jina la mumewe kwenye pembe, kwa unga, ili mtu akila nusu na kuiweka, ajue iliyobaki ni yake. Nilijifunza kuikunja, nikawa fundi. Niliandika C kwenye pembe. Mzee alianza kula upande ule mwingine, akifika kwenye herufi anasimama. Ile pembe haili. Ananipa, ananong'ona: "Peleka chini."

Chini ilikuwa besimenti, chumba cha chini ya ardhi, penye boila la kupashia nyumba joto. Kando ya boila kulikuwa na rafu. Pembe ile iwekwe kwenye rafu.

"Ya nani?" nikauliza.

"Ya wagongaji."

Akanieleza, anatabasamu. Babu yake alisema shimoni kuna watu wadogo wadogo wasioonekana, wanagonga miamba. Ukiwasikia wanagonga, mlima unataka kuanguka, toka. Kwa hiyo wachimbaji waliwaachia pembe ya mkate, kwa shukrani, na kwa kuwaogopa pia. Yeye hajawahi kushuka shimoni maishani mwake, lakini baba yake aliweka pembe, naye anaweka.

Wanangu, niliishika ile pembe kwa ncha za vidole. Mnacheka? Mimi nimekua najua chakula kinachowekewa visivyoonekana. Kambini tulikemea vitu vya namna hiyo usiku na mchana. Na zaidi, kugonga. Sikupenda kugongwa kwa kitu chochote. Mlango ukigongwa, roho yangu ilikuwa inatoka na kurudi. Nyabenda ndiye pekee aliyejua sababu.

Nilishuka mara moja tu. Balbu moja, mabomba kila mahali, boila linahema. Rafuni kulikuwa na vipande vikavu vya zamani, vya kabla yangu, vimeliwa pembeni. Panya, bila shaka. Lakini mwoga hafikirii panya. Nilipanda ngazi bila kugeuza mgongo, kinyumenyume, mtu mzima wa miaka yangu.

Alhamisi iliyofuata, mzee aliponipa pembe, nilifungua mlango wa besimenti, nikakanyaga ngazi ya kwanza kwa kishindo asikie, nikarudi, nikaitupa ile pembe kwenye pipa la takataka na kuifunika kwa maganda.

"Umepeleka?"

"Nimepeleka, mzee."

Nikafanya hivyo wiki baada ya wiki. Nilijiambia namkinga mzee na mashetani. Uongo ulitoka kinywani mwa mlokole, laini kama siagi.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi ya baridi, mchana kweupe. Tulikula, akanipa pembe, nikafanya mchezo wangu. Nikamlaza apumzike, nikafunga mlango wa chumba chake. Nikatoka nje kusukuma theluji kwenye njia ya gari, robo saa hivi. Niliporudi, mlango wa chumba ulikuwa umefungwa vilevile. Nikavua koti. Mnasikia? Nikavua koti. Sikwenda kumwona kwa macho. Mlango uliniambia amelala.

Nikaweka viazi vya jioni jikoni, nikawasha nyimbo za dini kwa sauti ya chini. Hapo ndipo nikasikia.

Ko. Ko. Ko.

Nikazima muziki. Kimya. Kisha tena, ko, ko, ko. Haikutoka mlangoni. Ilitoka ukutani, ilitoka chini ya sinki, ilitoka kwenye bomba la joto nyuma yangu, kila mahali kwa pamoja. Jasho lilinitoka na nje kuna barafu. Nikasema, Minani, wiki ngapi umewanyima chakula chao? Leo wamekuja kudai.

Mwenye akili angekimbilia chumbani kwa mzee. Mimi nilijibanza kwenye kona ya friji, nikampigia Nyabenda Buffalo.

"Dada, nyumba hii ina kitu. Kinagonga."

Nyabenda hana maswali mengi kwenye vita. "Weka spika," akasema, na hapohapo akaanza kukemea. Nami nikakemea. Tulikemea kwa Kiswahili, tukakemea kwa Kirundi, tulifunga na kuteketeza, tukayaamuru yarudi kuzimu kwa jina la Yesu. Nilipiga ukuta kwa ngumi. Tulipokuwa tunapaza sauti hatukusikia kitu. Tukitua kuvuta pumzi: ko, ko, ko. Kisha kimya. Tunaanza tena. Tunatua: ko, ko, ko. Kila mara hafifu zaidi, nami nikafurahi! Nikasema, dada, yanalegea, ongeza!

Viazi vilikauka maji. Nilisikia harufu ya kuungua na sikuthubutu kutoka kwenye kona.

Ghafla Nyabenda akanyamaza. Nikamwita, nikadhani simu imekatika.

"Niache nisikie," akasema.

Ko. Ko. Kimya kirefu. Ko.

"Minani," akasema, na sauti yake haikuwa ya maombi tena, ilikuwa ya dada yangu mdogo. "Mbona anatungoja?"

"Nani?"

"Huyo. Akibisha, ananyamaza kwanza, kama mtu anayesikiliza ataitikiwa. Hiyo ni hodi. Waliokuja kumchukua baba na kaka zetu, walibisha hodi?"

Hatukuwahi kuyataja hayo, maisha yetu yote. Nikaona upya mlango wa nyumbani ukianguka ndani, wote kwa mara moja, na mimi na yeye chini ya kitanda.

"Hapana," nikasema. "Hawakubisha."

"Basi huyo ni mtu. Nenda!"

Nilikwenda chumbani. Kitanda kitupu. Mlango wa nyuma wa chumba chake ulitokea ukumbini, na mlango wa besimenti ulikuwa wazi kidogo, kiasi cha kiganja.

Mzee alikuwa chini ya ngazi, amelalia ubavu, mguu umekunjika vibaya. Ndara moja ilikuwa juu ngazini. Kwa mkono mmoja alishika fimbo yake na ncha yake iligusa bomba la joto. Mkono wa pili ulifumba kitu. Nilipomfumbua vidole nilikuta pembe ya pasti, yenye herufi C, na ganda la kitunguu limeigandamia. Ilikuwa imetoka kwenye pipa langu.

Nilimfunika koti langu, nikapiga 911. Simu ilikuwa bado ina Nyabenda analia, ikabidi nimkatie. Ilionyesha tulikuwa tumeongea dakika thelathini na nane.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Jioni Lorna alifika hospitali kutoka Hilliard, macho mekundu, akaniuliza mbele ya kitanda: "Alikaa chini muda gani?" Nilifungua mdomo. Mzee akanitangulia, kwa ule mnong'ono wake.

"Nilibisha, akaja."

Lorna akanikumbatia. Alinishukuru! Mimi nikasimama kama gogo, nikashukuriwa.

Alipotoka kutafuta kahawa nilipiga magoti kando ya kitanda. Nikamwambia yote, pipa na maombi. Akasikiliza, macho kwenye dari.

"Nilisikia sauti juu," akasema. "Mwanamume na mwanamke, wanapiga kelele kwa lugha ambayo sijawahi kuisikia. Nikasema, ndio hao, wagongaji, kumbe wapo kweli. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Halafu nikasikia Yesu, Yesu, Yesu. Nikajua ni wewe." Akacheka kidogo, kikohozi kikamshika.

"Mzee, uliona kwenye pipa tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

"Kwa nini hukunigombeza?"

"Niliona unaogopa. Babu alisema mtu anayeogopa asiteremshwe shimoni. Anayeweza ndiye ateremke." Akafumba macho. "Nilingoja upate nafuu ya woga. Leo nikaona nakawia."

Hakurudi nyumbani kwake. Mapafu yakaingia maji, na kabla maua hayajatoka tukamzika. Daktari alisema wazee wa umri huo wakivunjika nyonga mara nyingi huondoka, ingekuwa vyovyote. Mama Furaha aliniambia nijishikilie kwenye neno hilo. Nimejaribu. Lakini zile dakika zangu nazijua, nilihesabiwa na simu.

Baadaye mwanangu alipata kazi Columbus, nikahamia naye, nikaendelea na wazee hapa mpaka nilipostaafu. Wazee kumi na wanne. Kila mmoja nilimwona kwa macho kabla ya kuvua koti, na besimenti zote nilishuka, nikitetemeka. Hilliard niliipita mara nyingi kwa basi. Nilijua mtaa wa Lorna kwa sababu alikuwa ananitumia kadi kila Krismasi, ananiita mtu aliyemsaidia baba yake. Kadi hizo nilikuwa nazificha kwenye droo, chini kabisa.

Mwezi uliopita, mliponiomba nije niwafundishe kazi, nilikaa siku tatu bila usingizi. Nitawafundisha nini mimi? Nikaenda Hilliard kwanza. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilisimama barazani kwake mpaka mbwa wa jirani akachoka kunibwekea. Kisha nikabisha, ko, ko, ko, nikangoja, na niliposikia hatua zake ndani nilitaka kukimbia.

Amekuwa mzee naye. Akanijua, akafungua mikono anikumbatie, nikamwomba asinikumbatie kwanza. Nikamwambia palepale mlangoni, kwa Kiingereza changu hiki: habari ya pembe, uongo wangu, na dakika thelathini na nane. Nyuma yake, ukutani, niliiona ile karatasi ya majina kwenye kioo chake. Tre, Pol, Pen. Nyumba mpya.

Hakulia wala hakunitukana. Alishika fremu ya mlango.

"Alikuwa anabisha muda wote huo?"

"Muda wote."

"Basi alijua upo," akasema polepole. "Baba hakuwa mtu wa kubisha nyumba tupu."

Neno hilo nimelibeba kwenye basi mpaka nyumbani na bado ninalo. Sijui kama ni msamaha au ni hukumu, sikuweza kumwuliza. Alinikaribisha ndani nikaingia, tukanywa chai, na pembeni mwa sahani yake aliacha kipande cha mkate ambacho hakukila. Alipoinuka kukipeleka chini, nilimwomba anipe mimi. Nikashuka nacho.